Kufuatilia chesi za wakubwa: laivu na injini, video, au ubao wa mbao?

Farasi wa Nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni. Nina mwaka wa pili kwenye chesi, niko hapahapa Dodoma. Nimejaribu njia tatu za kufuatilia mechi za wakubwa: mtandao wa Lichess laivu na ule mstari wa injini pembeni (programu inayopima nani anaongoza), video za uchambuzi YouTube, na kupanga mechi kwenye ubao ikishaisha, mwendo kwa mwendo. Ipi inafundisha kweli? Bando langu ni la wiki, msilisahau hilo.

Binti Kondoa:
Lichess, wala usiumize kichwa. Ni bure, haina matangazo, mafumbo hayana kikomo na Stockfish, injini yenyewe, imo humohumo. Mtandao mwingine, Chess.com, umependeza zaidi machoni, ila usipolipia, mafumbo na uchambuzi unapimiwa. Na ubao laivu haumalizi bando kama video.

Mzee wa Drafti:
Laivu ndiyo raha yenyewe. Ubingwa wa dunia wa 2024 kule Singapore ulikuwa unaanza saa sita mchana kwetu, nakula ugali simu imeegemea jagi. Mashindano ya Norway Chess nayo saa kumi na mbili jioni, mtu umeshatoka kibaruani. Lakini ukiniuliza nilijifunza nini, mmh.

Askari wa h7:
Mzee kagusa penyewe. Mechi ya 14 ya ubingwa huo, Desemba 12, bingwa Ding Liren na mpinzani wake Gukesh wana pointi sita na nusu kila mmoja. Ding ana nyeupe, kazidiwa askari mmoja ila sare ipo. Mwendo wa 55 akapeleka ngome mraba wa f2, mstari ukaporomoka wote upande wa weusi. Kijiweni tukaruka: "Kaharibu!" Muuza kahawa akauliza, "Kaharibu nini sasa?" Tulikuwa watu sita pale. Kila mtu akageukia kikombe chake.

Usiku nikapanga ubao. Ngome zinaliwa kwa ngome, mfalme mweupe anafika f2. Hapo Gukesh anaweka askofu d5. Tazameni askofu wa Ding: yuko kwenye kona, a8. Kutoka pale ana ulalo mmoja tu, na askofu mweusi kausimamia. Akienda b7 au c6 bado analika, akila yeye mfalme mweusi anamla. Kwa vyovyote maaskofu wanatoka, wanabaki wafalme na askari wawili kwa mmoja. Kwisha. Ngome ilikuwa ya kuonekana tu, kosa lilikuwa limelala kwenye ile kona. Nilihangaika nayo karibu saa nzima na mpaka leo nikiona askofu wa mtu kwenye kona namtafutia mwenzake wa kumkabili.

Farasi wa Nkuhungu:
Kwa hiyo mstari unadanganya?

Askari wa h7:
Haudanganyi. Unatoa hukumu bila kusoma kesi.

Chimwaga Boy:
Mnaionea video. Injini inakwambia +2, yaani nyeupe inaongoza, halafu basi, mchambuzi anakwambia kwa nini. Mimi napakua kwa waifai ya chuo, naangalia geto. Sharti moja: kabla hajasema mwendo, nasimamisha nibashiri mwenyewe. Nikiacha itiririke nasinzia, sikatai.

Binti Kondoa:
Injini si inazimwa jamani! Mimi naizima, naandika mwendo wangu kwenye kidaftari, nikikosea naweka alama. Na kingine, injini haioni saa. Juni 2025 pale Norway Chess, Magnus Carlsen, bingwa wa zamani, alikuwa anashinda kabisa dhidi ya Gukesh, muda ukambana, akakosea, akapiga meza mpaka kete zikaruka. Anayeangalia mstari anaona kosa, anayeangalia saa anaelewa lilikotoka. (Na mashindano akayabeba yeye yeye Carlsen, tusimcheke sana.)

Mzee wa Drafti:
Haya, mmenishawishi. Laivu nitaangalia injini imezimwa, ubao baadaye. Video kwa wenye waifai.

Farasi wa Nkuhungu:
Tatizo ubao sina, wakuu. Nilizoea simu.

Askari wa h7:
Jumapili saa kumi njoo Majengo, pale kwenye kahawa, tupange ile mechi ya 14 tangu mwanzo. Farasi mmoja mweusi alipotea, tunaweka kizibo cha soda.

Mzee wa Drafti:
Kizibo cha juzi kilikuwa ngome. Mkubaliane kwanza.