Mpangaji ninunue umeme, na kodi ya jengo nilipe mimi?

Mpangaji_Sugu

Wakuu, heshima kwenu. Naomba anayejua sheria anisaidie kabla sijagombana na nyumba nzima.

Nimepanga chumba na sebule, Temeke huku. Tuko wapangaji watatu, mita moja, luku (umeme wa kulipia kabla) tunanunua kwa zamu. Mwanzoni mwa mwezi huu zamu ikaniangukia, nikanunua ya 5,000. Kabla ya kitu chochote 1,500 ikaenda kodi ya jengo. Iliyobaki ikakatwa VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (wadhibiti wa nishati) asilimia 1. Nikapata uniti 9.8. Jirani yangu kanunua baada yangu, 5,000 ileile, kapata 14. Akaja hadi mlangoni kunionesha meseji.

Sasa pale nyumbani siasa imeingia. Zikifika tarehe za mwisho wa mwezi, mwenye zamu anataka uniti ziishe haraka ili anunue kabla ya tarehe mosi, maana anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Basi anaacha taa ya uani inawaka saa saba mchana. Anayemfuata kwenye zamu anapita anaizima. Wa kwanza anarudi anaiwasha, anapiga pasi mashati ambayo hana safari ya kuyavaa. Hakuna anayemsemesha mwenzake, swichi tu ndizo zinazoongea. Na tarehe mosi ikitukuta kwenye sifuri, kila mtu hana hela. Tunalala gizani watu wazima watatu wenye ajira.

Baba mwenye nyumba yuko Kibaha. Nilipompigia akanijibu, "Hiyo ni ya serikali kijana wangu, mimi sihusiki." Jengo lake, hati yake, hahusiki.

Swali: naruhusiwa kuikata kwenye pango? Na pango lenyewe nimelipa miezi sita mbele, nakata wapi?

Karani_Mstaafu

Mwanangu, kisheria mlipaji wa kodi ya jengo ni mwenye jengo, si anayewasha taa. Ilipohamishiwa kwenye luku mwaka 2021, serikali ilieleza kwamba mpangaji akikatwa amalizane na mwenye nyumba wake. Kwa hiyo haki unayo. Kuipata ni shughuli nyingine.

Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 18,000, ndiyo hiyo 1,500 yako. Za ghorofa zinahesabiwa kwa kila sakafu, nazo zilitoka 5,000 zikawa 7,500 kwa mwezi.

Msilaumu sana aliyebuni. Zamani ankara ilikuwa inamtafuta mwenye nyumba, na mwenye nyumba akisikia hodi ya mtu mwenye faili anatokea mlango wa uani. Umeme kila mtu anaununua mwenyewe kwa simu yake, usiku wa manane, bila kufuatwa na mtu. Kwa mkusanyaji hiyo ni akili kubwa.

Tunza meseji zote za manunuzi. Siku ya kulipa pango jingine umpelekee hesabu iliyoandikwa. Na usidhani kutonunua kunaifuta, ile inajilimbikiza, mtakuja kukatwa ya miezi yote kwa pamoja.

DadaWaMbagala

Mimi ushauri wa mzee hapo juu niliufanyia kazi kama ulivyo. Nikaandika hesabu kwenye karatasi safi, nikampelekea mama mwenye nyumba, nikamwamkia na kumwamkia. Akasoma, akasema "mwanangu una haki kabisa", akanikatia vizuri. Mkataba ulipoisha pango likapanda 10,000 kwa mwezi. Nilikuwa nadai 1,500.

Urithi_Usiogawanyika

Nyie mnajua hata mwenye nyumba wenu yuko wapi. Sisi nyumba ni ya marehemu babu, mirathi haijafunguliwa, wajomba hawasalimiani. Babu ndiye anayetambulika hadi leo. Alipokuwa hai alishavuka miaka 60 na alistahili msamaha wa wazee kwa nyumba anayoishi, hakuna aliyemfuatilia. Sasa amekufa ndiyo amekuwa mlipakodi mzuri, hakosi hata mwezi.

Mzalendo_Halisi

Mtoa mada, 1,500 kwa mwezi ni shilingi 50 kwa siku. Barabara, madarasa na vituo vya afya vinajengwa na nini? Mnapenda maendeleo, kuchangia hamtaki. Watanzania kwa kulalamika hatujambo.

Mpangaji_Sugu

Mzalendo mkuu, nimekuelewa, na hata sijasema kodi ni mbaya. Kama ni kuchangia, mimi nachangia hadi jengo lisilo langu. Nilichoomba ni mwenye jengo naye aguswe kidogo, hata ukucha.

Ila umenifikirisha jambo. Mnakumbuka Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilivyoanza? Kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Nchi nzima ilipiga kelele, kwenye daladala, misibani, saluni. Watu wakaanza kutuma hela kwa madereva wa mabasi, imefungwa kwenye bahasha na namba ya mama kijijini. Septemba tu wakapunguza asilimia 30, na baadaye wakaendelea kupunguza. Kodi ya jengo kwenye luku ilianza mwaka huohuo, na haijapungua, imepanda. Nimejiuliza kwa nini.

Nadhani ni kwa sababu ile ya simu kila mtu aliiona kwenye skrini yake, na aliyeikata alijulikana. Hii ya umeme inapita kwenye mstari mmoja wa meseji ambao nusu ya watu hawausomi, halafu anayeumia anamkasirikia aliyepata uniti 14. Mimi mwenyewe mwezi mzima nimemnunia jirani. Bajeti inasomwa Dodoma mwezi wa sita, wabunge wanapiga meza, na utekelezaji wake unaishia kwenye swichi ya taa ya uani kwetu. Hakuna waziri aliyewahi kulaumiwa pale nyumbani. Anayelaumiwa ni Mama Zai, mpangaji mwenzetu, na friji lake.

Karani, shikamoo mzee, na asante. Hesabu ya maandishi nitaiandaa. Dada wa Mbagala nawe nimekusikia, nitaiandaa ila nitaipeleka kwa unyenyekevu mkubwa.

DadaWaMbagala

Unyenyekevu niliupeleka mimi, haukusaidia. Kwanza malizaneni nyie watatu, tarehe mosi changeni mia tano tano, kodi ikatwe, umeme ununuliwe, taa izimwe mchana.

Mpangaji_Sugu

Kikao kimekaa jana jioni, uani, taa ikiwa imezimwa na pande zote. Hoja ya mia tano tano imeletwa. Mama Zai kaunga mkono, mimi nimeunga mkono. Wa chumba cha nyuma kapinga: yeye ni bachela, anashinda kazini, anarudi usiku kulala tu, kwa hiyo jengo analitumia kidogo kuliko sisi, alipe mia mbili. Tumembana kwa hoja ya paa, kwamba mvua ikinyesha usiku linamkinga na yeye. Kaomba muda wa kutafakari.

Nimemwomba atafakari kabla ya tarehe mosi.