Mgonjwa yuko kwenye oksijeni na sahani inarudi ilivyokuja: tupeane uzoefu

Mwenye uzi, Kisumu
Tangu Korona ithibitishwe Kenya Machi 2020, kila anayeuguza amejifunza kuuliza "oksijeni ni ngapi?" Wanaouliza "amekula nini leo?" ni wachache. Virusi vya mapafu, viwe vya Korona au vya influenza, vinamkausha mtu haraka: joto la mwili na kazi ya kuhema vinachoma nguvu, huku hamu imekatika, ulimi hauonji na pua hainusi. Mwili ukikosa chakula unakula misuli yake, pamoja na ile ya kuvuta pumzi na kukohoa. Wauguzi, watu wa lishe, wapishi, leteni vipimo na mbinu. "Ale vizuri" haisaidii mtu.

Lishe Kakamega
Anzeni na uzito. Kadirio la kufanyia kazi ni kalori 27 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku, na protini gramu 1 kwa kilo. Aliye mahututi hulengwa gramu 1.3, ila hafikishwi huko siku ya kwanza. Kama hawezi kusimama kwenye mizani, pimeni mzunguko wa mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, ukiwa umelegea. Chini ya sentimita 23.5, mchukulieni kuwa amekonda tayari.

Mtu wa kilo 60 anahitaji basi kalori 1,600 hadi 1,800 na protini gramu 60 au zaidi. Kwa sahani zetu: mayai 2 (gramu 12), nusu lita ya maziwa au maziwa lala (16), vikombe 2 vya uji ulioimarishwa (20) na kipande cha samaki ngege cha gramu 100 kisicho na mfupa (zaidi ya 20). Protini imetosha. Ugali kiasi, ndizi mbivu na nusu parachichi vinajaza kalori zilizobaki. Ugali na sukuma wiki peke yake havifiki, hata akimaliza sahani.

Jiko la Wodi
Huo uji ulioimarishwa ndio nguzo, kwa hiyo niueleze. Kwa kikombe kimoja cha mililita 250: unga wa wimbi vijiko 4 vya meza, maziwa mililita 100, maji yajazie, siagi ya njugu kijiko 1 cha meza, mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chai, sukari vijiko 2 vya chai. Hapo kuna kalori kama 350 na protini karibu gramu 10. Uji mwepesi wa unga na maji tu una kalori 70 hivi. Kikombe ni kilekile, tumbo ni lilelile.

Shida ni kwamba unga wa vijiko 4 unakuwa mzito na mgonjwa anachoka kuumeza. Wengi wanaongeza maji, na hapo wameharibu kazi yote. Tumieni kimea, yaani unga wa wimbi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Waluo wanauita thowi. Pika uji mzito hadi uive, epua, uache upoe mpaka uwe moto wa kunyweka. Tia kijiko 1 cha chai cha kimea kwa kila kikombe, koroga, subiri dakika 10. Utauona unalegea mbele ya macho, mwiko uliokuwa unasimama unaanza kuteleza. Kimea kinavunja wanga, lakini unga unabaki wote ndani. Ukikitia uji ukiwa bado unachemka, joto linaua kile kinachofanya kazi na uji unabaki mzito. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena dakika chache, kwa sababu nafaka iliyooteshwa hubeba vijidudu. Siagi ya njugu na mafuta tia mwisho.

Omena Dunga
Naongeza omena, dagaa wetu wa ziwani. Zilizoanikwa chini zina mchanga, na mchanga kwa mtu anayekohoa ni taabu. Loweka kwenye maji vuguvugu, ziokote kwa mkono kutoka juu, usimwage maji kwa pamoja. Rudia mpaka chini ya beseni pawe safi. Kaanga bila mafuta hadi zivunjike kwa vidole, twanga, chekecha. Kijiko cha meza cha unga huo kina protini kama gramu 5. Tia kwenye mchuzi au ndengu, si kwenye uji wenye sukari. Mwenye kichefuchefu usimpe, harufu itamfukuza.

Nesi wa Usiku
Chakula kizuri hakisaidii kama mtu hana pumzi ya kutafuna. Kumeza kunataka asimamishe pumzi kidogo, na anayehema zaidi ya mara 30 kwa dakika hawezi. Chakula kitaingia njia ya hewa. Mkalishe wima, au inua kitanda kabisa, na abaki hivyo angalau nusu saa baada ya kula. Mwenye barakoa ya oksijeni, muulize nesi kama anaweza kubadilishiwa mirija midogo ya puani wakati wa kula. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kibaki. Kikishuka chini ya asilimia 90, simamisha, rudisha barakoa. Ndugu wasiivue wenyewe hata kidogo. Walio kwenye mashine inayosukuma hewa kwa barakoa iliyobana hawalishwi bila ruhusa ya daktari.

Milo 6 midogo inashinda 3 mikubwa, maana tumbo lililojaa linasukuma mapafu juu.

Mwana wa Bondo
Nesi, shukrani. Mzee wetu ana sukari na amewekwa kwenye dawa ya deksamethasoni. Tunamletea glukosi ya unga na supu ya mifupa. Tunakosea?

Lishe Kakamega
Glukosi acheni, ndugu yangu. Dawa hiyo inapandisha sukari hata kwa asiye na kisukari, kwa hiyo ipimwe mara kwa mara na uji wake usitiwe sukari. Msimkatie chakula kwa kuogopa sukari. Daktari atarekebisha insulini. Supu ya mifupa ina maji mengi na protini kidogo, na akinywa bakuli nzima amekwisha shiba. Leteni nyama iliyosagwa ndani ya supu, na supu iwe kidogo. Dawa ya tangawizi na limau anywe baada ya mlo, si badala yake.

La hatari zaidi: aliyekaa siku 5 na zaidi karibu bila kula asijazwe ghafla. Madini ya fosfeti na potasiamu kwenye damu hushuka, moyo ukayumba. Siku 2 za kwanza apewe nusu ya mahitaji yake tu, daktari apime damu, na vitamini B1 itangulie chakula.

Nesi wa Usiku
Na andikeni kwenye karatasi kando ya kitanda: robo, nusu, robo tatu, yote. Neno "amekula" halina kipimo. Karatasi ikionyesha zaidi ya siku 3 hafikishi mahitaji yake, iteni mtu wa lishe mzungumzie mrija wa chakula, unaopita puani hadi tumboni. Familia nyingi zinaukataa zikidhani ni dalili ya kifo. Ni njia ya chakula tu, na hutolewa akianza kula.

Mwana wa Bondo
Leo alikula robo asubuhi na robo mchana. Karatasi nimeibandika.