Ushauri: Ndama wameanza kukohoa wiki ya kwanza baada ya safari. Ni virusi au bakteria?

Zizi_Jipya:
Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wanaoyajua mapafu ya ng'ombe.

Ndama 14 wa miezi 5 hadi 7, wastani wa kilo 120, wametoka mazizi manne tofauti, wakapakiwa gari moja na kusafiri saa 11. Siku ya 6 watatu walianza: joto 40.4, 40.7 na 41.0, kamasi jepesi, masikio yamelegea, wanasogea horini lakini hawali. Wakachomwa penisilini yenye streptomaisini kwa siku 3. Mmoja amepona, mmoja yuko vilevile, wa tatu anapumua mara 72 kwa dakika akiwa amelala. Leo ni siku ya 10 na wengine wawili wana 40.2, ingawa bado wanakula kidogo.

Nimeambiwa mambo mawili yanayopingana. Wa kwanza anasema ni virusi, antibayotiki ni kupoteza hela. Wa pili anasema ni bakteria, niongeze dozi ya penisilini. Nishike lipi?

Daktari_wa_Mapafu:
Mkuu, kila mmoja kashika nusu yake.

Virusi vinavyoanzisha kikohozi cha namna hii ni vile vinavyoitwa kwa kifupi IBR, BRSV, PI3 na BVD, pamoja na korona ya ng'ombe. BRSV inaweza kuua peke yake, lakini mara nyingi virusi hivi humwachia ndama mafua na homa ya siku chache, basi. Upande wa pili, bakteria aitwaye Mannheimia haemolytica (vitabu vya zamani vinaiita Pasteurella haemolytica, jina lilibadilishwa 1999) hukaa puani na kwenye tezi za koo za ng'ombe wazima bila kuwadhuru. Hatari inakuja vikifuatana.

Njia ya hewa imetandikwa seli zenye vijinywele vinavyopiga bila kupumzika kuelekea juu, vikisukuma ute na kila kilichonasa humo mpaka kooni, ndama anameza. BRSV na PI3 huua seli hizohizo. Ute unasimama. IBR inachubua utando wa pua na koo la hewa. BVD kazi yake kubwa iko kwenye damu: inapunguza chembe nyeupe na kuzilegeza zilizobaki. Ongeza safari, kiu, kuchanganywa na wageni, na kinga imeshuka tayari. Hapo Mannheimia ya aina A1, ambayo kwa mnyama mtulivu ni chache, inazaana kwa kasi na kuvutwa ndani kwa kila pumzi, na hakuna cha kuifagia.

Ikifika chini inatoa sumu inayoua chembe nyeupe za wanyama wanaocheua. Sumu hiyo inajishikiza kwenye kipokezi kilicho juu ya chembe, na IBR inazifanya chembe ziwe na vipokezi hivyo kwa wingi zaidi, kwa hiyo sumu ileile inaua nyingi zaidi. Zikipasuka zinamwaga vimeng'enya vyake, na hivyo ndivyo vinavyounguza pafu.

Ukimpasua aliyekufa hivi, sehemu za mbele na chini za pafu ni nyekundu iliyokoza, ngumu kama ini. Kata kipande ukitie majini, kinazama. Juu yake kuna utando wa manjano unaobanduka kama yai lililovurugwa kikaangoni. Sehemu ya nyuma na juu bado ni laini, ya waridi. Na pafu la ng'ombe ni dogo ukililinganisha na mwili wake, limegawanyika vijumba visivyopitishiana hewa, hivyo kijumba kilichoganda hakipati msaada wa jirani.

Kwa hiyo antibayotiki haigusi virusi, hilo ni kweli. Unaichoma kwa ajili ya bakteria waliofuata, na inafaa tu ikiwahi kabla pafu halijaganda.

Sindano_Sahihi:
Nakazia hapo kwa daktari: wale wawili wa 40.2 watibiwe leo, wasisubiri kesho. Homa hutangulia, pumzi ya haraka huja nyuma yake. Anayepumua mara 72 ameshapoteza sehemu ya pafu.

Kuongeza penisilini hakutatui. Baadhi ya Mannheimia na ndugu yake Pasteurella zimeizoea, na Mycoplasma bovis, bakteria mwingine wa mapafu, haina kabisa ukuta wa seli, wakati penisilini inafanya kazi kwa kuharibu ujenzi wa ukuta huo. Hata umpe chupa nzima.

Dawa za kuzungumza na daktari wako wa mifugo, hesabu kwa ndama wa kilo 120:

- Tulathromaisini, miligramu 2.5 kwa kilo, mara moja chini ya ngozi ya shingo. Chupa ya miligramu 100 kwa mililita: mililita 3.
- Au florfenikoli, miligramu 20 kwa kilo kwenye msuli wa shingo, irudiwe baada ya saa 48. Chupa ya miligramu 300 kwa mililita: mililita 8 kila mara.
- Au oksitetrasaiklini ya muda mrefu ya asilimia 20, miligramu 20 kwa kilo: mililita 12, igawe sehemu mbili, usizidishe mililita 10 mahali pamoja.

Chagua moja, usizichanganye. Pamoja nayo meloksikamu miligramu 0.5 kwa kilo, yaani mililita 3 za ile ya miligramu 20 kwa mililita, chini ya ngozi. Inashusha homa na uvimbe, ndama anarudi kula.

Uzito upimwe kwa utepe wa kifuani. Wengi hukisia kwa macho, ndama wa kilo 150 anapata dozi ya 110, halafu lawama inaiangukia dawa. Pima joto kila asubuhi kabla jua halijakolea, kwa siku 10. Tathmini baada ya saa 48 hadi 72. Kubadilisha dawa baada ya saa 24 ni haraka mno. Na soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Zizi_Jipya:
Asanteni sana. Maswali mawili. Kuna deksamethasoni dukani, yule wa 72 nimpe apumue vizuri? Na waliobaki niwachanje leo?

Daktari_wa_Mapafu:
Deksamethasoni usimpe. Inazima kinga iliyobaki, na IBR ikishamwingia ng'ombe hujificha kwenye neva za uso maisha yake yote; dawa hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyoiamsha na kuanza kumwagwa tena puani. Meloksikamu inatosha.

Chanjo leo haitawaokoa. Mwili uliochoka haujibu vizuri, na kinga inahitaji siku kujengeka wakati ugonjwa umeshaingia. Mahali pake ni wiki 2 hadi 3 kabla ya safari au kuachishwa ziwa, kule walikotoka. Kundi lijalo liagize likiwa limechanjwa.

Kabla ya kuwachoma wale wawili wapya, daktari achukue sampuli ya ndani kabisa ya pua kwa kijiti kirefu. Baada ya antibayotiki majibu ya bakteria hayaaminiki. Akate pia kipande kidogo cha sikio kwa kila ndama kwa kipimo cha BVD. Ndama aliyeambukizwa tumboni katika miezi ya mwanzo ya mimba anaweza kuzaliwa akionekana mzima kabisa, huku akimwaga virusi mpaka afe. Mmoja wa hivyo kati ya 14 anatosha kurudisha tatizo hili kila wiki, na tiba yake ni kumtoa kundini.

Tena msikilize kifua na kupapasa tezi. Tezi zilizovimba chini ya sikio penye kupe zinaelekeza kwenye ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kikohozi bila homa kwa waliotoka malishoni, fikiria minyoo ya mapafu. Na wakianza kufa wakubwa kwa wadogo, pafu la upande mmoja limeganda na kifua kimejaa maji, hiyo inaweza kuwa homa ya mapafu ya ng'ombe ya kuambukiza (CBPP), ugonjwa tofauti na huu, ambayo lazima iripotiwe serikalini kabla ya kugusa sindano.

Hewa_na_Banda:
Mmeacha banda. Piga magoti kwenye matandiko, pua yako iwe pale ilipo ya ndama aliyelala, ukae dakika 2. Macho yakiwasha, amonia inaua vijinywele vilevile alivyoeleza daktari. Toa matandiko yaliyolowa, weka makavu, fungua juu ya kuta hewa chafu itoke, lakini upepo usiwapige wakiwa wamelala.

Watenge wanaoumwa, na wazima walishwe kwanza. Yule wa 72 asinyweshwe kitu kwa chupa. Anayehema hivyo anavuta maji mapafuni, na hiyo ni nimonia nyingine juu ya ile aliyonayo. Mwekee ndoo ya maji safi usawa wa kichwa chake, na majani laini karibu asilazimike kuinuka kuyafuata.