Naomba ushauri: maombi na usaili wa ubingwa bobezi wa afya ya akili ya watoto nchini Marekani

Mtarajiwa_Kigoma

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni daktari kutoka Tanzania, na sasa ninakaribia kumaliza mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili katika hospitali moja nchini Marekani, kwa viza ya J-1, ile ya wanaokuja Marekani kwa mafunzo. Nimekusudia kuomba mafunzo ya ubobezi katika afya ya akili ya watoto na vijana, ambayo huchukua miaka miwili. Maombi hupokelewa kupitia ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi ya mafunzo ya udaktari, kuanzia Julai, kwa hiyo muda wa kujipanga haujabaki mwingi.

Yapo mambo matatu yanayonitatiza. La kwanza ni kama niondoke baada ya mwaka wa tatu, jambo ambalo kanuni zinaruhusu, au nimalize kwanza mwaka wa nne. Mkurugenzi wangu wa mafunzo ameniachia niamue mwenyewe, na wenzangu hawakubaliani. La pili ni usaili: nasikia maswali hulenga zaidi namna daktari anavyomfikiria mtoto pamoja na familia yake, nami sijui nijiandae vipi bila kuonekana nimekariri majibu. La tatu ni kwamba sina utafiti wowote kuhusu watoto. Nilichonacho ni kipindi nilichofanya kazi katika wodi ya watoto na vijana, na kliniki yangu ambako huja familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili. Familia hizo ndizo zilizonivuta kwenye fani hii, ila sijui nizitaje kwa kiasi gani mbele ya wasaili. Nitashukuru kupata mawazo ya waliopita njia hii, au waliowahi kuwasaili wengine.

DktNyali

Mdogo wangu, hongera kwa uamuzi huo. Mimi nilitoka Mombasa, nikapitia mafunzo hayo hayo, na sasa ninatibu watoto na vijana katika kliniki ya umma.

Kuhusu kuondoka baada ya mwaka wa tatu, hesabu yenyewe ni nyepesi: mwaka wa kwanza wa ubobezi huhesabiwa pia kuwa mwaka wa nne wa ubingwa, hivyo safari nzima huwa ya miaka mitano badala ya sita. Ugumu uko kwenye masharti. Ni lazima ndani ya miaka mitatu uwe umekamilisha yale yote ambayo wenzako wana miaka minne ya kuyakamilisha, yaani wodi, dharura, neurolojia, mwaka mzima wa kliniki ya wagonjwa wa nje, wazee, waraibu wa dawa za kulevya, masuala ya kimahakama, na ile mitihani mitatu ya kumhoji mgonjwa mbele ya mtahini. Keti na mkurugenzi wako, pitieni orodha hiyo kipengele kwa kipengele, na mwombe akuhakikishie kwa maandishi kwamba ratiba ya mwaka wako wa tatu inavibeba vyote. Mjulishe mapema vilevile kwa sababu ya heshima, maana ukiondoka, zamu zako za mwaka wa nne zitawaangukia wenzako, na yeye anahitaji nafasi ya kupanga upya.

Mimi niliondoka baada ya mwaka wa tatu na sikujutia. Hata hivyo, sikushauri ufanye hivyo kwa ajili ya kuokoa mwaka peke yake. Jiulize kama unajiamini kumtibu mama mwenye sonona kali au baba mlevi, kwa kuwa wazazi wa wagonjwa wako ni watu wazima, na mara nyingi nafuu ya mtoto huanzia kwao. Kumbuka pia kwamba ABPN, bodi inayotoa vyeti vya ubingwa wa magonjwa ya akili, haikuruhusu kufanya mtihani wa watoto kabla hujafaulu ule wa magonjwa ya akili kwa jumla, kwa hiyo utakuwa unajisomea ya watu wazima huku mchana kutwa uko na watoto.

Kuhusu utafiti usijisumbue sana. Programu zilizojengwa juu ya utafiti zitauulizia, lakini nyingine nyingi zinatafuta daktari. Barua tatu za mapendekezo zenye uzito zitakufikisha mbali, mradi moja iwe ya bingwa bobezi wa watoto aliyekuona kwa macho yake ukizungumza na mtoto.

Mwalimu_wa_Kliniki

Binti yangu, nimekaa kwenye kamati ya kuwachagua waombaji kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajikita kwenye usaili.

Kwanza ujue hali ya soko, kwa sababu waombaji wengi waliosomea nje ya Marekani huingia kwenye usaili kwa unyonge usio na sababu. AACAP, chama cha madaktari wa fani hii, kinakadiria kuwa Marekani ina wastani wa mabingwa 14 tu kwa kila watoto 100,000, na kila mwaka zipo nafasi za mafunzo zinazobaki wazi baada ya NRMP, shirika linalolinganisha orodha za chaguo za waombaji na za programu, kutoa matokeo. Hospitali zenye majina makubwa bado zina ushindani mkali. Hata hivyo, mwombaji mwenye rekodi safi ana haki ya kuchagua, na anapaswa kusailiwa kama mtu ambaye naye anachagua.

Swali ambalo hutalikwepa ni hili: kwa nini watoto? Karibu kila mwombaji hujibu kwamba anawapenda watoto, au kwamba kumtibu mtoto mapema ni kumwokoa mtu mzima wa kesho. Yote mawili ni kweli, lakini hayaniambii lolote kuhusu anayenijibu. Ninachotaka kusikia ni kazi uliyoifanya. Chagua mgonjwa mmoja, badilisha umri, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha, kisha unieleze ulichodhani siku ya kwanza, alichodhani mzazi, alichosema mwalimu wake, na mahali ambapo mawazo yako yalibadilika.

Nitatoa mfano wa kubuni. Mtoto wa darasa la pili analetwa kwa sababu hatulii darasani. Mwombaji mmoja atanieleza dozi ya dawa ya umakini aliyoianzisha na jinsi alivyoipandisha. Mwingine ataniambia kwamba kabla ya dawa aliuliza mtoto analala saa ngapi na analala na nani, akaomba masikio yake yapimwe, akampigia simu mwalimu, akagundua kwamba familia imehama mara kadhaa tangu mwaka uanze na mama anafanya kazi za usiku, na kwamba hata baada ya hayo yote dalili za tatizo la umakini zilikuwepo kweli na dawa ilihitajika. Huyu wa pili ndiye ninayemtaka, kwa kuwa ametumia dawa baada ya kumjua mtoto.

Sikiliza pia namna unavyowazungumzia wazazi. Nimewahi kuona mwombaji mwenye alama nzuri sana akipoteza nafasi kwa sababu kila mzazi katika simulizi zake alikuwa kikwazo: huyu amekataa dawa, yule hakufika kliniki, mwingine ni mkali. Mzazi anayekataa dawa ana sababu, na daktari wa watoto anapaswa kuitafuta sababu hiyo kwa subira ileile anayomtafutia mtoto utambuzi wa ugonjwa. Ukiulizwa kuhusu mzazi aliyekukatalia, usikimbilie kueleza jinsi ulivyomshawishi. Eleza kwanza alikuwa akiogopa nini.

Usaili wenyewe siku hizi mara nyingi hufanyika kwa video, nusu siku hivi, ukikutana na wasaili kadhaa mmoja mmoja na pia madaktari walio mafunzoni. Kipindi cha madaktari hao ndicho kitakachokupa mengi kuliko vyote. Waulize nani analala zamu na mara ngapi. Waulize watoto wanaosubiri kitanda cha wodi kwa siku nyingi katika idara ya dharura wanahudumiwa na nani, kwa sababu tatizo hilo limeenea nchini kote, na zipo programu ambazo mzigo wake wote humwangukia mwanafunzi. Uliza kama kila mmoja ana msimamizi wa kukaa naye ana kwa ana kila wiki, kama watapata wagonjwa wa kuwafuatilia kwa tiba ya mazungumzo miaka yote miwili, na kama wanaona watoto wa chini ya miaka sita, wenye usonji, na waliokinzana na sheria. Wakisita kujibu, hilo nalo ni jibu.

Ukishamaliza, panga orodha yako ya vipaumbele kwa jinsi unavyotaka kwa dhati. Utaratibu wa NRMP huanza na chaguo la mwombaji, kwa hiyo hakuna faida yoyote katika kubahatisha ni nani amekupenda na kumpandisha juu. Wasaili hawaruhusiwi kukuuliza utawaweka nafasi ya ngapi. Na kwa kuwa matokeo yanakufunga, programu ambayo hungependa kwenda usiiandike kabisa.

Mtarajiwa_Kigoma

Shikamoo Mwalimu, na asante sana dada Nyali. Nimeanza tayari kuandika upya maelezo yangu binafsi ya maombi. Bado nina wasiwasi kuhusu zile familia za Kongo. Ninaogopa nikizitaja sana wasaili wataniona kama mtu wa kundi moja tu la wagonjwa, au nitapewa kila mgonjwa anayezungumza Kiswahili hata pasipostahili. Aidha, je, niseme wazi kwamba nataka kurudi kufanya kazi nyumbani?

Mkalimani_Louisville

Daktari, mimi si tabibu. Ni mkalimani wa Kiswahili katika hospitali za hapa Kentucky, ambako familia nyingi za Wakongo zimepokelewa, baadhi zikiwa zimeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma. Naomba nichangie kwa yale ninayoyaona chumbani.

Watoto hawa hujifunza Kiingereza haraka kuliko wazazi wao, na baada ya muda mtoto ndiye anayesoma barua ya shule, anayepokea simu ya mwenye nyumba, na wakati mwingine anayetarajiwa kumweleza daktari habari zake mwenyewe kwa niaba ya mama. Kanuni za shirikisho haziruhusu hospitali kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa katika dharura. Hata hivyo, mkalimani akichelewa, kishawishi huwa kikubwa. Daktari anayekataa kuanza mpaka mkalimani apatikane anamrudishia mama nafasi yake ya uzazi mbele ya mwanawe. Nimeliona hilo mara nyingi, na ninaamini ni sehemu ya tiba.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, zitaje familia hizo bila kusita, lakini usiseme tu kwamba unajua lugha yao. Sema umejifunza nini kuhusu mtoto anayewabeba wazazi wake. Hilo linawahusu pia Wanepali, Wasomali na familia za Waguatemala, na msaili yeyote ataona kwamba halikomei kwenye kundi moja. Kuhusu kupewa kila mgonjwa wa Kiswahili, uliza mapema hospitali ina utaratibu gani wa kumpima daktari lugha kabla ya kumruhusu kuitumia katika tiba, na nani huleta wakalimani kwa wagonjwa wa madaktari wengine. Penye utaratibu ulioandikwa, daktari hageuzwi kuwa mkalimani wa idara.

Mwaka_wa_Nne

Naomba kutofautiana kwa heshima na dada Nyali juu ya mwaka wa nne. Mimi nilibaki hadi nikaumaliza, na ndio uliokuwa na mafunzo mengi kuliko yote: niliendelea na wagonjwa wangu wa tiba ya mazungumzo kwa mwaka wa ziada, nikasimamia madaktari wa mwaka wa kwanza, na nikachagua mwenyewe kufanya kazi katika kliniki ya watoto kwa muda mrefu kabla ya kuomba. Barua zangu zilikuwa na uzito zaidi kwa sababu hiyo. Kwa mtu mwenye viza ya J-1, ambayo kwa kawaida hairuhusu mafunzo kuzidi miaka saba, minne na miwili bado inaenea. Kama mkurugenzi wako atasita hata kidogo kukuthibitishia ile orodha ya masharti, baki.

DktNyali

Ninakubali kwamba masharti yasipothibitishwa, kubaki ni bora. Kuhusu kurudi nyumbani, mdogo wangu, sema ukweli. Wasaili wa programu zinazopokea J-1 wanajua kwamba viza hiyo inamtaka daktari arudi kwao kwa miaka miwili baada ya mafunzo, isipokuwa apate msamaha, kwa mfano kupitia mpango wa Conrad 30, ambao humtaka afanye kazi miaka mitatu katika eneo lenye upungufu wa madaktari. Nchi zetu zina mabingwa bobezi wa watoto wachache mno, na mwombaji anayeeleza kwa makini ni huduma gani anakusudia kuijenga, wapi na pamoja na nani, husikilizwa.

Jambo moja la haraka ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: ile barua ya Wizara ya Afya uliyoipeleka ECFMG, shirika linalowadhamini madaktari wa viza ya J-1, ulipoanza ubingwa haitoshi kwa ubobezi. Utahitaji barua mpya inayoitaja fani ya afya ya akili ya watoto na vijana, ikithibitisha kwamba Tanzania inawahitaji wataalamu hao. Mtafute mtu wa kukufuatilia Dodoma kuanzia sasa, mtumie maneno kamili ambayo ECFMG inayataka, na usingoje matokeo ya NRMP ndipo uanze kuulizia.