Mazda MX-5 ya 1995: zulia linalowa, oili inavuja nyuma ya injini, klachi inasumbua. Nianzie wapi?

Taa_za_Kunyanyuka

Wakuu, habari za muda. Nina Mazda MX-5 kizazi cha kwanza, ya mwaka 1995, injini 1.8, gia 5 za mkono. Paa ni la turubai lenye dirisha la plastiki la zipu. Ndilo gari langu la kila siku na nataka liendelee kuwa hivyo.

Dalili zilizopo sasa ni hizi. Zulia la nyuma ya kiti cha dereva linalowa kila mvua ikinyesha, la mbele ni kavu kabisa. Oili inavuja kwa nyuma ya injini na kudondokea pale injini inapokutana na gia boksi. Nimeambiwa ni sili ya nyuma ya krenki (mhimili mkuu wa injini), na gia boksi lazima ishushwe. Asubuhi gia ya kwanza na rivasi zinagoma, nikipampu pedali mara mbili tatu zinaingia. Halafu tapeti (visukumio vya valvu) zinagonga injini ikiwa ya baridi.

Siwezi kufanya yote kwa mpigo. Kipi cha haraka, kipi kinaweza kusubiri?

Spana12

Mkuu, katika hayo manne linaloua gari hili ni maji. Injini yako ni ngumu kweli kweli, na kila kilichofungwa juu yake kinafunguka na kubadilishwa. Bodi ikishaoza kwa ndani, hakuna spea ya kuiokoa. Ni kukata na kuchomelea bati jipya.

Zulia la nyuma kulowa huku la mbele likiwa kavu, mshukiwa wa kwanza ni mifereji ya paa. Ukingo wa nyuma wa turubai umekaa juu ya mkanda wa plastiki. Maji yanayoteremka kwenye turubai na dirisha yanakusanywa na mkanda huo, yanapelekwa kwenye pembe mbili, nyuma ya zile nguzo za mikanda ya usalama. Hapo kuna tundu, na bomba linaloshuka mpaka chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Vumbi, majani na nyuzi za turubai vikijazana pale vinageuka tope zito. Maji yakikosa njia yanapanda na kumwagikia ndani: mengine kwenye zulia, mengine kwenye kizingiti, yaani ile boriti ya bodi iliyo chini ya mlango. Ya kwenye zulia unayaona. Ya kwenye kizingiti huyaoni mpaka rangi ianze kufura mbele ya tairi la nyuma, na ukiona hivyo ujue bati la ndani limeshaliwa kitambo.

Pima hivi. Fungua zipu ya dirisha, lilaze, kisha shusha paa. Vuta zulia nyuma ya nguzo ya mkanda, mulika chini kwa tochi utaliona tundu. Mimina nusu lita ya maji polepole, mtu mwingine akichungulia chini ya gari. Yanatakiwa kutoka papo hapo kwa mkondo. Yakitoka matone matone, au yakasimama, pameziba. Fanya pande zote mbili hata kama upande wa abiria ni mkavu.

Kuzibua, chukua uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, wa milimita 3 hivi. Ncha yake iyeyushe kwa kiberiti ipate kichwa cha mviringo kisichokwaruza. Uingize huku ukiuzungusha kwa vidole, mwagia maji kidogo, vuta, rudia mpaka maji yapite meupe. Waya mgumu hapana. Upepo wa kompresa wenye presha kubwa hapana. Vyote viwili vinachomoa bomba kwenye shingo yake ya juu, na kuanzia hapo maji yote yanaingia ndani ya bodi.

Ukimaliza lala chini utazame kizingiti kwa upande wa chini, karibu na tairi la nyuma. Kuna vijitundu vya kutolea maji. Mara nyingi vimezibwa na dawa nyeusi ya kuzuia kutu iliyopakwa na mtu asiyejua kazi ya vijitundu hivyo. Vizibue. Acha gari likauke vizuri ndipo upulize nta ya ndani ya bodi. Ukipuliza kwenye bati lenye maji unafungia unyevu humo humo.

Mifereji ikiwa wazi na zulia bado linalowa, tafuta ufa kwenye ule mkanda wa plastiki, halafu kagua mishono ya turubai kando ya dirisha, pale linapojikunja.

GiaTano

Usishushe gia boksi bado, tafadhali. Kwenye injini hii, oili nyuma ikionekana, sili ya krenki iwe mshukiwa wa mwisho.

Nenda nyuma kabisa ya kichwa cha silinda, upande wa ukuta wa kabini. Kuna sensa ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) imechomekwa pale, imeshikwa na boliti moja. Shingoni mwake kuna oringi, yaani kipete cha mpira. Miaka ikipita ile oringi inakauka na kuwa ngumu, oili inapenya, inateremka mgongoni mwa injini mpaka kwenye kengele ya gia boksi (kava lake pana la mbele) na kudondoka. Ukiitazama kutoka chini huwezi kuitofautisha na sili ya krenki. Ndiyo sababu watu wanaishia kulipia kazi kubwa kwa kosa la kipete cha mpira.

Safisha mgongo wa injini kwa dawa ya kuondoa grisi, kausha, endesha siku moja, kisha pitisha kidole chini ya sensa. Kikitoka na oili, umeshampata mwizi. Kidole kikiwa kikavu, kagua gasketi ya kava ya valvu kwenye pembe za nyuma. Zote mbili zikiwa kavu na chini bado panavuja, hapo ndipo uanze kuishuku sili.

Kubadilisha oringi: chora alama kwa kitu chenye ncha kali, mstari mmoja unaopita kwenye sensa na kwenye kichwa cha silinda. Fungua boliti, chomoa sensa moja kwa moja kwa nyuma, toa oringi kuukuu, paka mpya oili safi, rudisha kwenye alama ile ile. Nafasi ni finyu, mkono unapita kwa taabu, ila hakuna kingine cha kufungua. Sensa hiyo ndiyo inayoweka taimingi ya moto, kwa hiyo ikihama hata kidogo injini itapoteza nguvu au itaanza kugonga. Kuhakiki, injini ikiwa imepata moto, unganisha matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha uchunguzi ndani ya boneti, pima kwa taa ya taimingi: digrii 10 kabla ya TDC (pistoni kufika juu kabisa), sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikiwa kwenye 850 kwa dakika hivi.

Usiahirishe sana, maana hosi za hita zinapita hapo hapo chini ya sensa. Oili inalainisha mpira, hosi inavimba, siku ikipasuka injini inachemsha. Zibonyeze, zikiwa laini kama mkate uliolowa, badilisha zote mbili.

Masta_na_Silinda

Klachi: kupampu kunasaidia, maana yake tatizo ni la mfumo wa maji ya klachi, diski yenyewe huenda haina kosa. Pembeni mwa gia boksi kuna silinda ndogo imefungwa kwa boliti mbili. Funua kile kifuniko chake cha mpira. Ukikuta maji au tope jeusi ndani, sili imekwisha. Kwenye MX-5 za kizazi cha kwanza na cha pili silinda hii inakufa kawaida tu, ihesabu kama kitu cha kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa.

Maji yake ni maji ya breki, DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, isiingie humo. Kutoa upepo: mtu mmoja akanyage pedali polepole hadi mwisho na aishikilie, wewe fungua nipo (kijiskrubu cha kutolea upepo kwenye silinda), funga, ndipo aachie. Rudia mpaka yasitoke mapovu, na kikopo cha juu kisikauke katikati ya zoezi. Ikifunga vizuri na hosi ya mpira haina nyufa, umemaliza kazi.

GiaTano

Hapo kwenye "umemaliza kazi" natofautiana nawe kidogo, mkuu. Masta ya juu, yaani silinda inayosukumwa na pedali, ina umri ule ule. Ukiweka silinda mpya chini, mara nyingi ya juu inafuata. Kama zote ni za zamani, badilisha pamoja, utoe upepo mara moja. Na kabla ya kufunga kagua ukuta ulio chini ya masta: maji ya breki yanakula rangi, na kutu inaanzia hapo.

Masta_na_Silinda

Kama spea zote mbili zinapatikana, nakubali. Ila yeye kasema hawezi yote kwa mpigo. Achungulie masta kwa ndani ya kabini, pale fito ya pedali inapoingia ukutani. Pakiwa pakavu inaweza kusubiri, pakiwa na majimaji isisubiri.

Nyongeza: klachi ikishapona na gia ya pili bado inakwaruza asubuhi, mwaga oili ya gia boksi. Inaingia lita 2 za 75W-90, GL-4. Usiweke GL-5 kwa mazoea, baadhi yake haziendani na sinkronaiza (vipete vya kulinganisha mwendo wa gia) za aloi ya shaba zilizomo humo.

Taa_za_Kunyanyuka

Shukrani sana wakuu. Nimemimina maji: upande wa dereva yamesimama kabisa, upande wa abiria yanatoka matone. Kidole chini ya sensa kimetoka na oili. Kifuniko cha silinda ya klachi kimejaa majimaji meusi, kwa masta ni pakavu.

Yamebaki matatu. Tapeti je? Taimingi belti (inayozungusha kamshafti kutoka kwenye krenki) haina rekodi yoyote ya kubadilishwa, nifanye nini? Na handbreki inapanda juu sana kabla ya kushika.

Spana12

Tapeti za injini yako zinajirekebisha zenyewe kwa presha ya oili. Zikigonga sekunde chache baada ya kuwasha, achana nazo. Zikiendelea hata injini ikipata moto, oili ni chafu, ni pungufu, au ni nzito kupita kiasi. Usikubali kuwekewa oili nzito ya "kuzima kelele": vijitundu vya tapeti ni vidogo mno, oili nzito inachelewa kufika. Weka 10W-30 nzuri na filta mpya, endesha kilomita 2,000 hivi, mwaga tena. Mara nyingi zinanyamaza. Ila mlio mzito wa chini chini, unaozidi unapokanyaga mafuta gari likivuta mzigo, huo si wa tapeti. Ukiusikia zima injini.

Belti isiyo na rekodi ihesabu imekwisha muda. Kawaida yake ni kilomita 100,000. Bahati nzuri, kwenye injini hii ya kizazi cha kwanza belti ikikatika valvu hazigongani na pistoni. Gari linazimika barabarani tu. Kwa hiyo si hatari ya leo, lakini iweke kwenye mpango. Siku ya kazi hiyo badilisha pamoja wota pampu, bearing zote mbili za belti, sili za mbele za kamshafti na ya mbele ya krenki. Zote ziko nyuma ya kava zile zile.

Kosa la kawaida ni belti kukaa jino moja pembeni. Kati ya alama ya I kwenye puli moja ya kamshafti na alama ya E kwenye nyingine, hesabu meno 19 ya belti. Kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, kwa mwelekeo wa saa tu, uhesabu upya. Boliti kubwa ya krenki inakazwa Nm 157 hadi 167 kwa spana ya kupimia. Ugonjwa wa pua fupi ya krenki unaousoma mitandaoni ni wa 1.6 za mwanzo mwanzo, zenye puli ya mikato 4, wewe haukuhusu.

Kwa kuwa maji ya rejeta yatamwagwa, itazame rejeta yenyewe. Kichwa chake cha plastiki kikiwa mpya ni cheusi. Kikigeuka kahawia plastiki imechoka, itapasuka kwenye mshono bila kukupa taarifa. Mfumo mzima unachukua lita 6. Jaza mbele ya gari pakiwa pamenyanyuliwa, hita ikiwa kwenye joto la mwisho, mfuniko wazi, mpaka mapovu yaishe.

BetriKwenyeButi

Kitu ambacho hakijaguswa: betri ya gari hili iko ndani ya buti. Ya asili ni ya kufungwa na ina vijibomba vinavyotoa gesi nje kupitia sakafu. Watu wanaweka betri ya kawaida ya gari dogo bila vijibomba, mvuke wa asidi unakula bati la buti na waya zilizo jirani. Inua zulia la buti. Ukikuta unga mweupe au rangi iliyobabuka, osha kwa magadi soda na maji, kausha, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu tafuta betri yenye tundu la gesi na urudishe vijibomba.

Handbreki usianze kwa kukaza kebo. Kaliperi za nyuma zina kirekebishi chake. Legeza kebo kwanza, nyanyua gari, weka stendi, toa tairi. Nyuma ya kaliperi kuna boliti inayofunika tundu; itoe, ingiza alen (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4. Zungusha kwa mwelekeo wa saa mpaka pedi zibane disiki, kisha rudisha theluthi moja ya mzunguko. Rudisha boliti, fanya upande wa pili, ndipo ukaze kebo mpaka mkono ushike kati ya mlio wa 5 na wa 7.

Siku ya kuweka pedi mpya, pistoni inarudishwa kwa alen hiyo hiyo kinyume cha saa. Ikisukumwa kwa klempu, utaratibu wa ndani unavunjika na kaliperi nzima inakwenda. Na disiki ikiwa bado inakamata baada ya marekebisho, pini za kaliperi zimekauka: zichomoe, zisugue zing'ae, zipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake na pini zinakwama upya.