Naomba ushauri: kuweka injini ya Toyota 1KD kwenye Land Rover 110

Wakuu habari za leo, nina Defender 110 ya 1996, injini ni 300Tdi. Mwezi uliopita natoka Dar na mzigo, ikachemsha pale Kitonga katikati ya mlima, nikaweka jiwe nyuma ya tairi nikasubiri ipoe, kuchomoa stiki naona oili imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi imeungua, hedi imepinda, na hii ni mara ya pili, kwa hiyo nimechoka nayo kwa kweli.

Sasa fundi wangu anasema nitupie 1KD ya Prado, lita 3, tabo, nguvu mara moja na nusu ya hii. Fundi mwingine anasema hapana, weka 1KZ, ile dizeli ya Toyota ya zamani zaidi, maana 1KD nozeli zake hazitaki dizeli chafu na huku kijijini tunanunua ya madumu. Lakini 1KZ nayo nasikia hedi zinapasuka ikichemsha, si nitakuwa nimeruka mkojo nikakanyaga mavi jamani?

Walioshafanya naomba kujua, gia boksi ya Land Rover inabaki kwa kuchonga adapta au nihamishe na ya Toyota, maana nikibadili gia boksi sijui ile transfa (inayogawa nguvu tairi za mbele na nyuma) itakaaje? Wairingi na kontroli boksi (kompyuta ya injini) mnakata vipi mpaka immobilaiza, ile ya kuzuia wizi, isigome? Na namba ya injini kwenye kadi, TRA wanataka nini zaidi ya risiti?

Body bado nzima kabisa, kuuza sitaki, ni ya marehemu mzee.