Nikate servo au ninunue mota za gia? Roboti ya magurudumu mawili

Fundi_Chipukizi: Wakuu, nina servo ndogo mbili aina ya SG90, zile mota zinazogeuka hadi pembe unayoziambia tu. Nizifungue zizunguke mzunguko kamili, au ninunue zile mota za gia za njano? Nataka kuagiza wiki hii.

Mzee_wa_Lehemu: Mkuu, roboti ina uzito gani? Betri gani? Unaiendesha kwa bodi ipi? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Gia48: Chukua za njano, uwiano wa gia 1:48, umemaliza. Servo ni ya mkono wa roboti. Kuikata ni kuiharibu.

Risista_Mbili: Sikubaliani. Mota za njano zitakudai moduli ya kuendesha mota kama L298N, wakati servo ina sakiti yake ndani, waya mmoja wa ishara unatosha. Ng'oa poteshomita (ile inayoiambia servo imefika pembe gani), lehemu risista mbili za kilo-omu 2.2 mahali pake, kata kijino cha kuzuia kwenye gia ya mwisho. Ukituma mapigo ya mikrosekunde 1500 inasimama, ukizidisha inakwenda upande huu, ukipunguza inageuka.

Mzee_wa_Lehemu: Usimwambie ang'oe! Kwenye servo ndogo mara nyingi mhimili wa poteshomita ndio unaoshika gia ya mwisho kwa chini. Akate nyaya zake 3, kisha apanue tundu la gia lizunguke bila kuushika mhimili.

Na risista azipime kwanza. Mimi sikupima, servo moja ikawa inatambaa hata nikituma 1500. Hilo nilirekebisha kwenye programu. Kilichoniuma ni kijino. Nilikibana kwa koleo, gia ikapata ufa mwembamba kama unywele, sikuuona. Juu ya meza ilizunguka vizuri kabisa. Kuishusha sakafuni ikiwa na betri mgongoni, kra-kra-kra, mota inalia na gurudumu limesimama. Kufungua, meno matatu yamelala. Tangu siku hiyo natumia wembe mpya, nakwangua kidogo kidogo, namalizia kwa msasa laini.

Gia48: Kazi yote hiyo, na servo ya FS90R inauzwa ikiwa tayari inazunguka mzunguko kamili!

Risista_Mbili: Anayejifunza afungue. Ndani ya servo utaona gia, mota na sakiti kwa mara moja.

Fundi_Chipukizi: Samahani, nilisahau. Bodi ni Arduino Uno, na roboti ina kilo 2. Servo nimezichomeka kwenye pini ya 5V, nikizijaribu bodi inajizima na kuwaka upya.

Mzee_wa_Lehemu: Kilo 2! SG90 ina gramu 9 na gia za plastiki, ndugu yangu. Na zitoe kwenye hiyo pini sasa hivi. Zipe betri zake, AA 4 zinatosha kuanzia, halafu hasi zote ziungane.

Risista_Mbili: Basi chukua servo kubwa ya MG996R, gia za chuma. Ila andaa tupa, wembe hautafua dafu.

Gia48: Na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na servo.

Risista_Mbili: 470 inatosha.

Gia48: Haitoshi servo mbili zikianza pamoja. Nimejaribu.

Fundi_Chipukizi: Hiyo kapasita, mguu mrefu unakwenda chanya au hasi?